Sifuri kwa Aliyesoma Kitabu

Nimetoa sifuri nyingi maishani, na karibu zote ningezitoa tena leo bila kupepesa macho. Kuna mmoja aliyeniletea insha aliyoinakili kwa mwenzake, akanakili mpaka jina la mwenzake. Sifuri. Mwingine alijaza kurasa mbili kwa maneno ya wimbo wa kanisa akitegemea kwamba sisomi mpaka mwisho. Mimi husoma mpaka mwisho. Lakini iko sifuri moja niliyompa msichana mmoja hapa Bukavu, na habari zake naziandika bila kujificha, kwa sababu wapo walimu wenzangu wanaoniambia mpaka leo kwamba ningenyamaza tu, mambo yangepita. Sikunyamaza wakati ule, na sasa ndiyo sinyamazi kabisa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kifaransa mwaka wa tatu wa sekondari ya juu, ule unaotangulia mwaka wa mtihani wa Serikali. Katika programu kulikuwa na riwaya moja ya kale, ya Ulaya, inayomhusu Meya wa mji mdogo ambaye kazi yake kubwa ni kuzindua kisima cha mji. Nasema "katika programu". Darasani riwaya yenyewe haikuwepo. Nakala ya shule ilipotea kabla sijaajiriwa, na wanafunzi hawakuwahi kuiona hata jalada. Walichokiona ni mkono wangu ukiandika ubaoni: Muhtasari. Wahusika. Funzo. Wao wananakili, wanakariri, wanarudisha siku ya mtihani. Ndivyo nilivyosoma mimi pia, ndivyo alivyosoma aliyenifundisha.

Maandishi hayo yalikuwa katika daftari nililorithi. Mzee aliyenitangulia alinipa siku alipostaafu, nikalipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Yeye alilipata kwa padre fulani wa zamani. Chini ya neno Wahusika, mstari wa kwanza ulisema: "Meya: mtu mwenye moyo wa huruma, mpenda maendeleo, mfano wa kiongozi bora." Mstari huo niliuandika ubaoni miaka kumi na miwili mfululizo.

Utaniuliza kama sikuwahi kuwa na shaka. Sikuwahi, na sababu ninaijua. Sisi huku tumezaliwa katika hotuba. Darasa likipakwa rangi, kuna hotuba. Daraja likikaribia kujengwa, kuna hotuba ya kushukuru kukaribia huko. Anayeshika kipaza sauti huanza na wakubwa, mmoja mmoja kwa cheo chake, na kila mmoja ni mpenda maendeleo aliyetukumbuka sisi wadogo. Tumezoea kuzisikia sifa hizo kama tunavyosikia mvua juu ya bati. Hakuna anayejiuliza mvua ina maana gani. Kwa hiyo daftari liliponiambia kwamba mwandishi anamsifu Meya kurasa mia tatu, nilidhani ni protokoli tu.

Swali la mtihani wa mwisho wa mwaka lilikuwa hili: Eleza tabia za Meya na msimamo wa mwandishi juu yake. Alama ishirini. Darasa zima liliandika huruma, maendeleo, mfano bora, wengine wakaongeza na ucha Mungu ili kunifurahisha. Msichana mmoja aliandika kwamba mwandishi anamcheka Meya tangu ukurasa wa kwanza, kwamba hampi tusi hata moja kwa sababu hana haja nalo, na kwamba katika kitabu hicho kila sifa ni kofi.

Nilishika kalamu nyekundu nikaandika: "Umetoka nje ya swali." Halafu sifuri, kubwa, ya mviringo mzuri. Niliona anajifanya mjuaji, na wajuaji mimi naijua dawa yao.

Siku tatu baadaye alinifuata chumba cha walimu, saa ya mapumziko. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakuwa na dalili yoyote ya kuomba.

"Madame, hii zero ni juu ya nini?"

"Juu hukuandika ile niliandika ku tablo."

"Niliandika vile kitabu inasema."

"Kitabu gani?"

Akakitoa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa kikuukuu, uti wa mgongo umefungwa gundi, na mhuri wa maktaba ya masista ukurasa wa kwanza. Alikuwa anawapangusia vumbi kwenye rafu kila Alhamisi, na malipo yake yalikuwa kuruhusiwa kusoma palepale. Cha Meya alikisoma mara tatu, na sista alikuwa amemwazima kwa wiki moja tu ili anioneshe.

"Madame," akasema, "weye mwenyewe ulishasomaka hii kitabu?"

Damu ilinipanda kichwani. Mwalimu wa meza ya jirani alikuwa ameinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Nilimwambia yule mtoto atoke, na nilimwambia vibaya. Alitoka, lakini kitabu alikiacha mezani. Mlangoni akageuka akanieleza jambo ambalo sikuwa nimemwuliza. Baba yake anachimba dhahabu Mwenga, na alimleta mjini kwa shangazi yake, mtaa wa Nyalukemba, kwa sharti moja: darasa moja, mwaka mmoja. Akirudia darasa, anarudi nyumbani, na hapo shule imekwisha. Muhula wa kwanza aliugua wiki nyingi, alama zake za Kifaransa zilikuwa chini. Kwa sifuri hii angeanguka somo la Kifaransa, na kwetu anayeanguka Kifaransa anarudia mwaka. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma saa ukutani, kisha akaenda.

Kitabu nilikifungua Jumapili baada ya misa, na sikukifungua kwa wema. Nilikuwa natafuta kosa lake. Mtaani kwetu maji yalikuwa hayajatoka tangu Jumatano, nikawa nimekaa juu ya bidoni yangu ya njano, dumu la maji, kwenye foleni ya robine, bomba la mtaa, mbele yangu bidoni nyingi na akina mama wachache. Nikasoma. Meya anazindua kisima sura ya pili, anakata utepe, bendi inapiga, maji hayatoki. Mwandishi anasema watu wote walitazama jinsi Mheshimiwa alivyokuwa na kiu kwa niaba yao. Sura ya saba anakizindua tena, safari hii kimejengewa ngazi. Mwandishi anazihesabu ngazi kwa heshima kubwa. Nilipofika pale Meya anapomshukuru Mwenyezi Mungu kwa maji ambayo "yalikuwa karibu kabisa kutoka", nilicheka mpaka nikashuka kwenye bidoni.

Mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Maman, uko na malaria?"

Nilitaka kumweleza nikashindwa, maana kicheko kilikuwa kimeshageuka. Nilikuwa naona aibu. Miaka kumi na miwili niliwafundisha watoto wa watu, watoto wanaobeba bidoni asubuhi kabla ya shule, kwamba mtu huyu ni mfano wa kiongozi bora. Na yule mmoja aliyesoma, nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya swali. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba nibadilishe alama. Yeye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sherehe. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na picha mbili kubwa, zote yeye na mkasi, zote mbele ya robine ya shule. Ya kwanza ni siku mabomba yalipofika, ya pili ni siku robine ilipopakwa rangi ya buluu. Maji tulikuwa bado tunayangoja.

"Madame," akasema, "unataka tuambie bazazi nini? Kama tulibafundisha batoto yabo buongo myaka yote?"

"Ndiyo, Bwana prefe. Tuambie vile."

"Pointi ikishaandikwa, imeandikwa. Mayi ikimwangika haizoleke."

Nilitazama zile picha mbili, nikauma mdomo nisicheke. Nadhani aliona, kwa sababu alibadilika sauti. Aliniambia kuna njia. Msichana arudie lile swali moja, Jumamosi, hapohapo ofisini. Aandike vile daftari linavyosema, apate nusu, apite, na mimi nisifungue kinywa mbele ya mzazi yeyote kuhusu daftari. Nikifungua, mwaka ujao nitafundisha darasa la saba, la chini kabisa shuleni kwetu, watoto wadogo, viambishi na herufi kubwa.

Nilikubali. Hapa wenzangu husema niliona mbali, lakini mimi nasema niliogopa. Nilimwita msichana chini ya ngazi nikamrudishia kitabu. Nikamwambia sifuri ilikuwa kosa langu, nikamwambia pia masharti ya prefe. Nilidhani atashukuru.

"Madame, unataka niandike buongo?"

"Nataka upite. Andika umusifu, umalize."

Akatazama jalada la kitabu. "Ni sawa," akasema. "Nitamusifu."

Jumamosi aliandika saa nzima bila kufuta neno, prefe akiwa mezani kwake anasaini mabuletini, ripoti za matokeo. Aliponipa karatasi nilisoma mstari wa kwanza, nikarudi nikausoma tena. Aliandika kwa Kifaransa safi kuliko changu, nami nakumbuka kipande hiki vizuri kabisa: "Kiongozi wa kawaida huleta maji, na watu wakishakunywa humsahau. Meya alikuwa na hekima kubwa zaidi. Hakuleta maji, ili watu wamkumbuke kila asubuhi wanapobeba madumu yao. Alikata utepe mara tatu kwa sababu utepe ulikuwepo. Hotuba zake zililowesha mioyo yote, na yeyote aliyeomba kulowesha na koo alionekana mlafi." Kurasa mbili namna hiyo. Hakuna mstari ambao daftari langu lingeukana. Moyo wa huruma ulikuwepo, maendeleo yalikuwepo, mfano bora ulikuwepo.

Nikampa ishirini juu ya ishirini. Prefe akaniomba karatasi, akaisoma akitikisa kichwa polepole, uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli.

"Unaona? Huyu mutoto iko na akili mingi! Ilikuwa tu kumuonyesha njia." Akaikunja vizuri. "Hii nitaisoma mwenyewe mbele ya bazazi."

Ningeweza kumwonya, na ninakiri hapa kwamba sikutaka.

Siku ya proklamasio, siku ya kusomewa matokeo, uwanja ulijaa: wazazi wa ofisini na suti zao, walimu wa chuo kikuu, akina mama wa vitenge vya sherehe. Mstari wa mwisho alikaa mwanamume mmoja peke yake, viatu vina udongo mwekundu uliokauka, kofia magotini. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa ameshuka kutoka Mwenga na lori, na amekuja kujua kama anarudi na binti yake au anarudi bila yeye.

Prefe alishukuru wakubwa kwa vyeo vyao. Akasema leo anaanza na zawadi, akamwita msichana mbele, akatangaza ishirini juu ya ishirini katika Kifaransa, akafungua karatasi. Alisoma vizuri sana. Ana sauti ya kanisani.

Mstari wa tatu, mtu mmoja alikohoa. Alipofika kwenye utepe uliokatwa kwa sababu ulikuwepo, kicheko kilitoka upande wa walimu wa chuo kikuu, kikapita kwa akina mama, kikafika kwa wanafunzi wenyewe, ambao asubuhi hiyo kama kila asubuhi walikuwa wamekuja na bidoni ndogo za maji ya vyoo, zimepangwa ukutani chini ya robine ya buluu. Prefe akainua uso akitabasamu, akidhani watu wamefurahi. Akasoma sentensi nyingine. Hapo nikaona macho yake yakisimama juu ya karatasi. Yakaenda kwenye robine, yakarudi, yakanitafuta mimi. Alikuwa ameelewa. Angeweza kuikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Lakini aliendelea, neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho, shingo imetoa jasho. Sijui kama ule ulikuwa ujasiri au ukaidi, na nilimheshimu hata hivyo.

Kicheko kilikuwa hakijaisha mwanamume wa Mwenga aliposimama. Kifaransa alikuwa hakijui. Alichoona ni mtoto wake amesimamishwa mbele, na mji mzima unacheka.

"Banachekea mutoto wangu juu ya nini?" akasema. Hakupiga kelele, lakini uwanja wote ulinyamaza. "Niambieni. Kama alishindwa, museme. Nitarudi naye leo. Hapana kumuchekelea."

Msichana aliinamisha kichwa, mara ya kwanza kumwona anafanya hivyo. Nikaona wazi kwamba kila mtu pale atangoja mwingine aseme, na kwamba huyu baba atamshika binti yake mkono waende kituo cha malori kabla hata mmoja wetu hajapata ushujaa. Nikasimama. Darasa la saba nililiona limekaa mbele yangu na herufi zake kubwa, na ndilo ninalolifundisha leo, wala sijuti.

"Papa," nikasema, "habamuchekee mutoto yako. Mutoto yako alipata pointi zote. Mimi njo nilimupa zero mbele, na nilikosea. Yeye alisoma kitabu. Mimi nilikuwa nafundisha bila kuisoma, myaka kumi na mbili. Shule yote hii ni yeye peke yake alijua ile kitabu inasema nini."

Watu walinitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni. Kwetu mwalimu hamwombi mwanafunzi radhi, seuze mbele ya wazazi. Nilimgeukia msichana nikamwambia, "Unisamehe." Alitikisa kichwa kukubali, machozi yamemjaa, na mimi pia sikuwa mbali.

Baba yake alikuwa bado amesimama. Alikuwa anapima kama namdanganya. Mwishoni akamwuliza binti yake, si mimi.

"Na hii kitabu iko inasema nini?"

"Papa, ni juu ya mukubwa moya. Alifungua robine, akakata ruban, akasema hotuba. Mayi haikutoka."

"Haikutoka hata kidogo?"

"Hata kidogo. Basi akarudia kuifungua."

"Tena?"

"Mara tatu, papa. Na mwenye kuandika anamusifu tu, anamusifu tu."

Mwanamume aliinamisha uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kofia ikaanguka chini, na akacheka peke yake katika uwanja ule mzima, kicheko kirefu cha mtu anayewajua vizuri watu wa namna hiyo. Hakuwahi kukaa darasani. Sentensi chache za binti yake zilimtosha.

Alijifuta macho, akaokota kofia, akapita katikati ya suti na vitenge mpaka mbele. Akanyoosha mkono kwa prefe, na prefe akampa buletini. Akaishika akiitazama kwa makini, ingawa hakuweza kuisoma, halafu akamwuliza:

"Mwaka wa mwisho banaanza siku gani?"